Fani na Maudhui katika Kanisa la Chuma

Wahakiki wengi huzoea kutenga fani na maudhui, kana kwamba moja ni nguo na jingine mwili. Sanamu iitwayo Reading Between the Lines, iliyosimamishwa mwaka 2011 karibu na mji wa Borgloon nchini Ubelgiji, yaukanusha mtazamo huo. Wasanii wake, Pieterjan Gijs na Arnout Van Vaerenbergh, ambao ni wasanifu majengo, waliiga umbo la kanisa la kijijini kwa tabaka 100 za mabamba ya chuma, zikitenganishwa na nguzo fupi zipatazo 2,000. Kimo chake ni mita 10. Uzito wake, tani 30.

Kuna mahali ambapo mtazamaji huliona kanisa kamili. Akisogea, nafasi baina ya tabaka hufunguka, kuta zikatoweka, mashamba na anga vikaonekana. Kilichobadilika ni mahali aliposimama tu. Katika nchi ambayo makanisa mengi yamepungukiwa na waumini, mpito huo kutoka kuwapo hadi kutokuwapo ndio dhamira yenyewe, nao hauelezeki pasipo nafasi zile tupu.

Hata hivyo, utupu huu wapendeza kupita kiasi. Kanisa lililohamwa lina watu waliobatizwa, waliooa na waliozika wazee wao humo. Hasara yao haimo katika chuma hiki. Sanamu yaonyesha vyema kwamba jambo limepita. Haisemi lolote juu ya waliopitwa nalo, na huo ndio upungufu wake mkubwa.