Renée Fleming alipoishusha sauti ili maneno yasikike

Juzi nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu wa isimu jinsi maneno ya mkopo yanavyobadilika maana yakishavuka mpaka. Nikatoa mfano wa neno ‘jazz’, nikaanza kuwasimulia habari za weusi wa Marekani na jiji la New Orleans. Kijana mmoja kutoka Migori, mwenye masihara yake, akadakia: “Mwalimu, kwani jazz si Shirati Jazz?” Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani nikakiri moyoni kwamba kijana hakuwa amekosea.

Kwetu neno hili lilifika mapema likavaa nguo nyingine. OK Jazz ya Franco, iliyoanzishwa Léopoldville mwaka wa 1956, ilipiga rumba. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilipiga dansi. Shirati Jazz ya D. O. Misiani ilipiga benga. Neno ‘orchestra’ nalo lilifuata njia iyo hiyo. Orchestra Super Mazembe haikuwa na safu za fidla wala mwongozaji mwenye kijiti mkononi. Kwa hivyo ukimwambia Mkenya wa rika langu kwamba kuna albamu inayokutanisha muziki wa okestra na jazz, usishangae akikuuliza, “Hizo zote si dansi?”

Albamu yenyewe inaitwa Haunted Heart. Ilitoka mwaka wa 2005, nami nimekuwa nikiirudia majuma haya kwa sababu nitakazozieleza. Mwimbaji ni Renée Fleming, soprano wa Marekani aliyejijengea jina katika Metropolitan Opera ya New York na katika kumbi nyingine kubwa za opera duniani. Walioshirikiana naye ni wanajazz wawili: Fred Hersch kwenye piano na Bill Frisell kwenye gitaa. Huyu ni mwanamke ambaye wakati huo kazi yake ya kila siku ilikuwa kuimba mbele ya okestra nzima, bila kipaza sauti, katika jumba lenye viti zaidi ya elfu tatu na mia tano, na asikike hadi safu ya mwisho. Hapa amebakiwa na piano na gitaa tu.

Msomaji atauliza safu ya lugha ina biashara gani na waimbaji wa opera. Subira kidogo.

Chukua kitenzi ‘penda’. Badilisha vokali ya kwanza tu: panda, penda, pinda, ponda, punda. Vokali zetu zote tano zimefanya kazi na kila moja imezaa neno lake. Sasa fikiria soprano anamwimbia mchumba wake “nakupenda”, na mtunzi ameiweka silabi ya ‘pe’ kwenye noti ya juu kabisa. Mchumba atasikia nini? Huenda akasikia anapendwa. Huenda akasikia anapondwa.

Si utani mtupu. Vokali tunaitambua kwa mwangwi unaojengeka kinywani kulingana na mkao wa ulimi na midomo. Tunapotamka ‘i’, mwangwi wa kwanza huwa chini, yapata mitetemo 300 hadi 400 kwa sekunde. Kwa ‘a’ hupanda hadi 800 na zaidi. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna tatizo, maana nyuzi za sauti za mwanamke hutetema mara 200 hivi kwa sekunde, chini ya miangwi hiyo yote. Lakini soprano akifika ile noti wanayoiita do ya juu, nyuzi zake zinatetema zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde. Mwangwi wa ‘i’ umeachwa chini huko, hauna cha kuitikia. Mtafiti wa Uswidi Johan Sundberg alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba waimbaji hawa hufungua taya kadiri wanavyopanda, ili mwangwi wa kinywa upande pamoja na noti. Sauti inapata nguvu ya ajabu, ila vokali zote zinaanza kufanana na ‘a’. Kwa maneno mengine, mwimbaji ananunua ukubwa wa sauti kwa kuuza neno. Ndiyo maana Metropolitan Opera iliweka viskrini vya kuonyesha maneno nyuma ya viti mwaka wa 1995, na hata opera ya Kiingereza inayoimbiwa Waingereza mara nyingi huonyeshewa maneno.

Jazz ilipata bahati ya kukua pamoja na kipaza sauti. Kuanzia mwaka wa 1925, sahani za santuri ziliporekodiwa kwa umeme, mwimbaji aliweza kunong’ona na akasikika na maelfu. Hakuhitaji tena kuuza vokali zake. Aliweza kuimba palepale anapozungumzia, kulichelewesha neno kidogo nyuma ya mdundo, kulikata, kulivuta, kama mtu anayesimulia jambo lililompata jana. Sisi tuna kitenzi kinachokaribia hali hiyo: kughani. Malenga anayeghani hajaacha kusema na bado hajaanza kuimba, yuko kati. Nikimsikia mwimbaji hodari wa jazz, huwa naona kwamba kughani kunamfaa kuliko kuimba.

Sasa turudi kwa Fleming. Katika takriban albamu nzima anaimba chini, mbali na zile noti zilizomtajirisha. Aliyemjua kwa opera pekee anaweza kusikiliza wimbo mzima asimtambue. Haukuwa ugeni kwake, kwani alipokuwa mwanafunzi wa chuo huko Potsdam, jimbo la New York, aliimba jazz na kikundi kidogo wikendi, na mpiga saksafoni maarufu Illinois Jacquet alimwalika ajiunge na bendi yake. Alikataa, akaendelea na masomo. Ndipo nasema albamu hii si ya mtu mashuhuri anayejaribu vazi la jirani. Ni ya mtu anayerudi, akiwa na umri wa miaka 46, kwenye njia panda aliyoipita akiwa binti, kuangalia ile njia nyingine inaelekea wapi.

Tofauti hiyo ina uzito, maana historia ya jaribio hili imejaa ajali. Mwaka wa 1984 Leonard Bernstein mwenyewe aliongoza rekodi ya West Side Story yake, akawapa waimbaji wa opera, Kiri Te Kanawa na José Carreras, kazi ya kuwa vijana wa mitaa ya New York. Sauti ni za malaika. Lakini Carreras, Mhispania, anaigiza kijana wa Kimarekani kwa lafudhi inayomsaliti kila mstari, na Te Kanawa anazizungusha vokali kana kwamba yumo ndani ya kanisa kuu. Ni rekodi nzuri ya watu wasioaminika. Eileen Farrell alikuwa amewatangulia mwaka wa 1960 na albamu ya bluzi iliyofaulu, na siri yake naiona ni ileile: aliacha kuimba kwa ukubwa, akaanza kusema.

Usikilize wimbo wa Stephen Foster uitwao ‘Hard Times Come Again No More’, wa mwaka wa 1854, unaowakumbusha walioshiba kwamba nje ya mlango kuna wenye njaa. Mwimbaji wa opera angeufanya mahubiri. Fleming anausema kwa sauti ya mtu aliyechoka, na silabi zenye mkazo zinaangukia pale ambapo Mmarekani angezitia mkazo akizungumza. Au ‘River’ ya Joni Mitchell, ambao kila mwimbaji siku hizi anaona ni wajibu wake kuurekodi. Hapa hauna pambo. Hersch na Frisell hawamfuati kama watumishi. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, na mwimbaji anaingia katikati ya mazungumzo. Yanafanana na malumbano ya washairi ambao hawana haja ya kushindana.

Palipo na uthubutu zaidi ni pale kipande cha opera Wozzeck ya Alban Berg kinapounganishwa na ‘Midnight Sun’, wimbo wa jazz ambao maneno yake ni ya Johnny Mercer. Wozzeck ni hadithi ya askari fukara anayemuua mama wa mtoto wake; muziki wake umewatisha watu tangu 1925. Kuuweka ubavuni mwa wimbo wa mapenzi wa Kimarekani kungekuwa kichekesho. Hakikuwa. Unagundua kwamba ukiutoa muziki wa Berg ndani ya okestra ukaukabidhi kwa watu wawili, unatumia rangi zilezile ambazo Hersch amezitumia maisha yake yote. Mpaka ulikuwa kwenye majina tu. Gunther Schuller, aliyebuni mwaka wa 1957 istilahi ya ‘mkondo wa tatu’ kwa muziki unaozaliwa pale klasiki na jazz zinapokutana, nadhani angefurahi.

Hata hivyo sitaisifu albamu hii mpaka niione haina kasoro. Mwendo wake ni mmoja: polepole, polepole zaidi, kisha polepole. ‘In My Life’ ya Beatles, wa mwaka wa 1965, ni wimbo mfupi unaotembea kama mtu mwenye safari; Fleming ameukalisha kitini akaupa chai. Katika ‘My Cherie Amour’ ya Stevie Wonder anapumua sana ndani ya maneno, hadi pumzi yenyewe inageuka pambo, na pambo ndilo alilokuwa amelikimbia. Mtu anayejua kwamba anasikika vizuri ana mtihani wa kuacha kujisikiliza, na kuna nyimbo mbili tatu ambamo hakuupita. Mahler wake, wimbo mdogo wa mwaka wa 1902 aliomtungia mkewe Alma, ni mzuri, lakini hapo yumo nyumbani, hakuna alichokihatarisha.

Mwaka uliofuata, 2006, alitoa Love Sublime na mpiga piano Brad Mehldau, safari hii nyimbo zikiwa zimetungwa na Mehldau juu ya mashairi ya Rainer Maria Rilke na Louise Bogan. Kila noti imeandikwa, na sauti imerudi juu kwenye kiti chake cha enzi. Waliobobea wataniambia ndiyo kazi nzito zaidi, na pengine wana haki. Mimi nililazimika kuyatafuta maneno ya Rilke kwenye karatasi.

Na hapa nasema waziwazi kwa nini jambo hili limenikaa rohoni. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika ukumbi wa tamasha moja la muziki la shule, kwaya ikiimba wimbo wa Kiswahili uliopangwa kwa sauti nne. Wasichana wa sauti ya kwanza walipanda kama tiara. Mimi, ambaye nimefundisha Kiswahili zaidi ya nusu ya umri wangu, sikuambulia mstari mmoja kamili. Mtunzi alikuwa ameuweka mdundo mzito kwenye silabi isiyostahili, nikasikia ‘barábara’ palipohitajika ‘barabára’. Mwamuzi alisimama akaipongeza kwaya kwa ‘ubora wa sauti’. Kuhusu maneno, kimya.

Ni ajabu, kwa sababu wasikilizaji wa Kiswahili hawakulelewa hivyo. Katika taarab mtu huinuka kitini kwenda kumtunza mwimbaji kwa sababu ya neno: fumbo limemgusa, au kijembe kimempata jirani. Neno likimezwa, hakuna wa kuinuka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi santuri zake, walioko nyumbani walizingojea wasikie alichosema. Sasa tunawafundisha watoto wetu kwamba kuimba vizuri ni kuimba mpaka usieleweke, eti ndiyo klasiki, ilhali mmoja wa mabingwa wa klasiki yenyewe alikuwa tayari kuiweka kando nusu ya sauti yake ili mstari ufike.

Kipindi kilichofuata nilimchezea yule kijana wa Migori nyimbo tatu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza muhula huu hakuwa na mzaha. Ziliposita akaniuliza kama mama huyu ni mgonjwa, mbona anaimba kwa huzuni hivyo. Kisha akasema, “Lakini mwalimu, umesikia vile gitaa linamjibu? Hiyo ni benga, imepunguzwa mwendo tu.” Sikumbishia sana.