Kopo, Kijiti na Waya Mmoja

Sinema «Benda Bilili!», iliyoonyeshwa Cannes katika mwaka 2010, ni habari ya wanamuziki wa Kinshasa, wengi wao wamepooza miguu kwa polio, ambao walitembea kwa baiskeli za magurudumu matatu. Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, waliwafuata kwa miaka. Wengi waliisifu kwa kuwa inachekesha na kuliza. Sisi twaisifu kwa sababu nyingine: inaonyesha namna ya kulea.

Tumtazame Roger Landu. Alikuwa mtoto wa barabarani, mwenye chombo alichojitengenezea: kopo tupu, kijiti na waya mmoja. Papa Ricky Likabu, mkubwa wa kundi, alimpokea pamoja na kopo lake. Hakulitupa ampe gitari; kopo lenyewe likapata nafasi yake kati ya magitari. Jioni, katika bustani ya wanyama, mtoto alifanya mazoezi na wazee wenye kumrudi, nao wakahitaji sauti yake. Wahenga wasema: hujafa hujaumbika. Hapa walemavu ndio waliomshika mkono mwenye miguu mizima.

Lakini sinema ina kosa moja. Inamalizika kwa makofi ya Ulaya ya mwaka 2009, na mtazamaji atoka akidhani makofi yale ndiyo dawa. Sivyo. Kundi lilivunjika katika mwaka 2013, na sifa zote zile hazikulizuia kuvunjika. Twasadiki kwamba dawa ilitangulia: ni zile jioni nyingi bila mgeni wala fedha, mtoto alipoambiwa, «Rudia tena.» Sehemu hiyo tungependa kuiona kwa kirefu zaidi, hata kama ingewachosha wanaopenda safari za ndege.

Jambo hili latugusa sisi Wakristo. Huko Kinshasa watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingine mashtaka hayo yametoka vinywani mwa watu wanaoshika Biblia. Mtoto wa namna hiyo hatapona kwa sahani ya chakula peke yake. Ataka mahali ambapo asipofika, wimbo unapungua.

Parokia zetu zina ngoma, zina na vyumba vinavyofungwa toka Jumatatu hata Jumamosi. Vyombo tunavyo. Je, wazee wa kuketi na mtoto kila jioni tunao?