Kuyahoji Maisha kwa Kalamu

Wanaosifu uandishi wa tawasifu huanza na warithi: wajukuu watajua walikotoka, ukoo hautasahaulika. Ni kweli. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar aliyeolewa na Mjerumani akajulikana kama Emily Ruete, alieleza kwamba alianza kuandika kumbukumbu zake kwa ajili ya wanawe waliokulia Ujerumani. Kitabu kikatoka mwaka 1886. Hata hivyo, naona mnufaika wa kwanza ni mwandishi mwenyewe, tena hufaidika kabla hajapata msomaji hata mmoja, kwa kuwa karatasi humdai sababu.

Masimulizi ya barazani hayadai hivyo. Msikilizaji anaitikia, msimulizi anaruka anapotaka, na kisa kinapita. Chukua mtu wa Bukoba ambaye miaka yote husema baba yake alimtoa shule kwa kuwa hakumpenda. Akiketi kuandika, tukio linataka tarehe, anaandika 1990. Mwaka huo ukishakaa pale unaita mengine: Julai 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana mauzo ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na nyumba iliyotegemea kahawa kulipia ada ikabaki mikono mitupu. Huenda baba alikuwa mkali vilevile. Lakini sasa sababu ni mbili, na mwandishi hawezi tena kuegemea ile moja aliyoizoea. Utafiti nao umegusa nguvu hii ya kutafuta sababu kwa kalamu: mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker, pamoja na Sandra Beall, walichapisha mwaka 1986 utafiti ambamo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioeleza tukio chungu pamoja na hisia zao walikwenda kutibiwa mara chache zaidi miezi iliyofuata, ingawa walipoweka kalamu chini tu walikuwa na huzuni zaidi. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba waliofaidika zaidi ni wale ambao, siku hadi siku, walizidi kueleza sababu na kutambua mambo. Tafiti nyingine zimeona kuwa kwa wastani faida hiyo ni ndogo, kwa hiyo tusiifanye kalamu kuwa daktari. Mwenye jeraha bichi ana haki ya kusubiri.

Wapo wanaosema kumbukumbu hudanganya. Hudanganya, ila uongo ulioandikwa hukaa mahali pamoja, ukaweza kukaguliwa. Pingamizi zito ni la majivuno. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa mwaka 1905, anapanga misafara, vita na pembe za ndovu, na ni nadra kusimama akajihoji. Wanahistoria wamevuna mengi humo, yeye mwenyewe sina hakika. Kwa hiyo kuandika tu hakutoshi, mtu akigeuka wakili wa nafsi yake. Na anayejitetea kwamba maisha yake ni ya kawaida mno amtazame mshairi Shaaban Robert: hakuongoza jeshi wala msafara, alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni. Aliandika Maisha Yangu, kisha akarudi kuyaandika maisha yake katika Baada ya Miaka Hamsini, akiwa mtu mzima mwenye mengine ya kujieleza.