Eksosomu: Dalili au Alama?

Katika Kiswahili cha Katanga, kisukari huitwa pia “bugonjwa ya sukari”. Msomaji wa Kapata, Kolwezi, ataelewa neno la mkopo “eksosomu” akielezwa. Litakalompotosha ni kuiita “dalili” ya ugonjwa. Dalili, kama kiu na kukojoa mara kwa mara, huhisiwa. Eksosomu, yaani vijifuko vya nanomita 30 hadi 150 hivi vitolewavyo na seli, vikibeba protini na mikro-RNA katika damu, hazihisiwi. Tena zinatafitiwa hasa kwa kuwa kisukari cha aina ya pili huweza kukaa miaka bila dalili. Istilahi ifaayo ni “alama tarajiwa”. Sifa hiyo isidondoshwe: kipimo cha glukosi hakijapata mrithi, wala mgonjwa asiahidiwe kingine.