Kabla ya Kushusha Giaboksi

Mguu wa kushoto hugundua ubovu wa klachi mapema kuliko jicho. Mnunuzi anaingia kwenye Mazda Roadster ya miaka ya 1990, anakanyaga klachi, na pedali inateremka laini mno. Inashika karibu kabisa na sakafu, kisha inarudi juu kwa kusitasita. Injini haina kasoro, rangi bado inang'aa, na muuzaji anasisitiza kwamba magari ya michezo ndivyo yalivyo. Hapo fedha hupotea kwa njia mbili: kulipia gari ambalo klachi yake imekwisha, au kuliacha gari zuri kwa sababu ya raba ndogo iliyochakaa.

Roadster inafaa kuchambuliwa kwa sababu ziko nyingi na zimefunguliwa sana. Mazda ililionyesha gari hilo Chicago mwezi Februari 1989 kwa jina la MX-5, mwaka huohuo likaingia sokoni Japani kama Eunos Roadster, na mwaka 2016 gari la milioni moja lilitoka kiwandani. Klachi yake haivutwi kwa waya. Pedali husukuma fimbo ya masta ya juu, masta husukuma mafuta ya breki kwenye bomba hadi silinda ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Silinda hiyo husukuma uma, uma husukuma beringi, na beringi hubonyeza presha pleti ili sahani ya klachi iachiliwe.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi makini ni moja: tatizo liko kwenye mafuta, au liko ndani ya giaboksi? Jibu la kwanza linagharimu saa chache na vipuri vya bei nafuu. La pili linataka giaboksi ishuke.

Jaribio la kuanzia halihitaji spana. Pedali ikanyagwe haraka mara tatu au nne mfululizo. Ikiwa inakuwa ngumu na kuanza kushika juu zaidi, basi kuna upepo kwenye bomba au raba za silinda zimelegea. Sahani iliyolika haiponi kwa kupampu pedali. Jambo hili peke yake lingeokoa giaboksi nyingi zinazoshushwa bure.

Jaribio la pili linafichua ubovu ambao hauachi hata tone chini ya gari. Gari likiwa mahali tambarare, mbele pakiwa wazi, linawekwa gia ya kwanza huku klachi ikiwa imekanyagwa hadi mwisho na mguu wa kulia ukiwa tayari juu ya breki. Dereva anasubiri kama dakika moja bila kuuinua mguu wa kushoto. Likianza kujivuta taratibu, mara nyingi raba ya ndani ya masta ndiyo inayopitisha mafuta, nayo yanarudi kwenye kikopo chake. Ndiyo maana kikopo kinaweza kuwa kimejaa na klachi bado ni mbovu.

Baada ya hapo ndipo macho yanaingia kazini. Raba ya vumbi ya silinda ya chini inainuliwa kidogo kwa kidole. Ikiwa na unyevunyevu wa mafuta ndani, silinda imekwisha. Kwa upande wa masta, fundi analala chini ya usukani na kupapasa pale fimbo inapopenya ukuta, pamoja na zulia lililo chini yake. Rangi ya mafuta nayo inasema mengi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo ndio unaozila kuta za silinda mpaka zikwaruze raba. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 155. Mafuta meusi yenye tope yanaonyesha kwamba hayajabadilishwa kwa miaka.

Kuna kosa moja ambalo mafundi wenye haraka hulifanya: wanairefusha fimbo ya pedali ili klachi ishike juu. Fimbo ile lazima iwe na uchezaji kidogo. Ikikazwa kupita kiasi, tundu la kurudishia mafuta halifunguki, presha inabaki kwenye bomba, na klachi iliyokuwa nzima inaanza kuteleza.

Zipo dalili ambazo kweli zinaelekeza ndani. Gari likiwa kwenye gia kubwa kwa mwendo wa chini, mafuta yakanyagwe yote: mizunguko ya injini ikipanda huku mwendo haupandi, klachi inateleza. Mlio unaoanza pale pedali inapokanyagwa humwelekeza fundi kwenye beringi ya klachi. Pedali nzito isivyo kawaida inaweza kuwa ya sahani iliyolika, au mwenye gari wa awali aliweka presha pleti ya mashindano. Hilo aulizwe waziwazi.

Na si kila ugeni ni ubovu. BMW za kizazi cha E46 zilifungwa kivalvu kinachopunguza kasi ya mafuta kurudi, hivyo klachi hushika kwa kuchelewa hata gari likiwa jipya.

Aina ya gari ndiyo inayoamua gharama. Pedali inayolala sakafuni kwenye Roadster inaweza kutibiwa kwa kufungua boliti mbili za silinda ya chini, kubadilisha masta wakati huohuo, na kutoa upepo. Kwenye Nissan 370Z silinda hiyo imezunguka shafti ndani ya nyumba ya klachi, na kuifikia ni lazima giaboksi ishuke. Mnunuzi wa Roadster aombe bei ipunguzwe kwa thamani ya silinda mbili na mafuta. Mnunuzi wa 370Z yenye dalili ileile adai punguzo la kazi ya giaboksi nzima, na muuzaji akikataa, atafute gari lingine.