Kongole kwa Wajenzi wa WireGuard

Kijana wa mtaa wa Langas, Eldoret, anayewafanyia kazi waajiri wa ng'ambo, akitumia Wi-Fi ya mtaa inayopita mikononi mwa wengi, anahitaji njia isiyochungulika. WireGuard ni njia hiyo: kila upande una jozi yake ya funguo, na data husafiri ikiwa imefichwa hadi upande wa pili. Jason Donenfeld aliiandika kwa takribani mistari 4,000 tu ya msimbo, ili hata mtu mmoja aweze kuikagua yote. Machi 2020 iliingia kwenye kiini cha Linux, toleo 5.6, na Oktoba mfumo endeshi wa OpenBSD ukaipokea katika toleo 6.8.

Lakini pongezi zangu kubwa ni za wajenzi wa mfumo endeshi wa FreeBSD. Machi 2021, toleo 13.0 likikaribia, kazi ya WireGuard iliyokwisha kuingizwa ilikutwa na kasoro. Waliiondoa, ikaandikwa upya, ikarudi kwenye kiini katika 13.2, Aprili 2023. Miaka miwili! Huo ndio ufundi ninaouheshimu: kukataa kumpa mtu kufuli bovu, hata kama analisubiri kwa hamu na halilipii senti. Msimbo wenyewe uko wazi kwa fundi yeyote wa Eldoret anayetaka kuusoma.