Karatasi ya Kasisi

Wengi wetu huamini kwamba mtu wa dini anajua kukaa na mgonjwa kwa kuwa tu ni mtu wa dini. Amevaa kola au kanzu, kitabu kiko mkononi, basi atakosaje la kusema? Lakini tumewaona. Anaingia wodini saa ya kutazama wagonjwa, anasimama miguuni pa kitanda, anauliza "unaendeleaje?", na jibu halijamalizika ameshafumba macho na kuanza kuomba kwa sauti inayofika hadi kitanda cha mwisho. Akiondoka, mgonjwa anageukia ukutani. Hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima, wala hakuna aliyemsikia.

Ninaowasifu hapa ni wale waliofundishwa kutofanya hivyo: makasisi wa hospitali, na wenzao wa magereza, kambi za jeshi na nyumba za wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Kazi yao husomewa na hukosolewa mbele ya wenzao. Mtu anaweza kuifeli, hata awe mcha Mungu kiasi gani.

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mafunzo yao alikuwa amelazwa yeye mwenyewe. Anton Boisen, mchungaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1876, alirukwa na akili Oktoba 1920, akafungiwa katika hospitali za wagonjwa wa akili huko Massachusetts kwa zaidi ya mwaka mmoja. Akili ilipotulia alianza kuwatazama waliokuja kuwahudumia. Madaktari hawakuwa na habari na mambo ya dini. Wachungaji walijua dini, ila hawakujua lolote kuhusu watu waliokaa mbele yao. Anasimulia jinsi mmoja wao alivyokuja kuhubiri juu ya yale maneno ya Injili ya kung'oa jicho linalomkosesha mtu. Boisen alikaa akihofu kwamba mmoja au wawili kati ya wagonjwa wenzake wangeyafuata maneno hayo kama yalivyo. Sijasikia hoja nzito kuliko hiyo ya kumrudisha mhubiri darasani.

Alitoka mwaka 1922, akasoma zaidi, na mwaka 1924 akawa kasisi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester. Mkuu wa hospitali hiyo, William Bryan, anakumbukwa kwa kusema kwamba angeajiri hata daktari wa farasi kama angewafaa wagonjwa. Kiangazi cha 1925 Boisen alipokea wanafunzi wanne wa theolojia. Hakuwapeleka kanisani. Aliwapeleka wodini kufanya kazi za wahudumu: kuogesha, kulisha, kukesha, na kuandika walichokiona. Alitaka wamsome mgonjwa kwa uangalifu uleule waliofundishwa kuyasoma Maandiko. Miongoni mwa wanne hao alikuwamo Helen Flanders Dunbar, ambaye baadaye aliandika vitabu muhimu juu ya namna hisia zinavyougusa mwili.

Aliyemuunga mkono zaidi alikuwa daktari, Richard Cabot wa Boston. Huyu ndiye aliyezoesha madaktari wa Massachusetts General Hospital kuketi pamoja na kulijadili faili la mgonjwa mmoja hatua kwa hatua, likiwamo kosa la daktari mwenyewe. Mwaka huohuo wa 1925 alichapisha makala akidai kwamba kila mwanafunzi wa theolojia apewe mwaka mmoja hospitalini, kama wanavyopewa wanafunzi wa udaktari. Urafiki wao haukudumu. Cabot aliamini kwamba chanzo cha wazimu ni mwili tu. Boisen aliamini kwamba ndani ya wazimu mna roho inayohangaika kutafuta maana, na aliyasema hayo akiwa ameyapitia. Alipougua tena mwaka 1930, Cabot alimwacha. Hata leo mabishano hayo hayajaisha, wala sidhani ni vibaya yaendelee.

Kilichobaki na kuenea ni karatasi. Russell Dicks, kasisi wa hospitali ileile ya Massachusetts General katika miaka ya 1930, alikuwa na mazoea ya kuandika mazungumzo yake na wagonjwa, neno kwa neno, kadiri alivyoyakumbuka. Mazoea hayo yakawa chombo kikuu cha mafunzo haya duniani kote. Karatasi hiyo wenyewe huiita vabatimu. Mwanafunzi hutoka wodini, hukaa mahali patulivu na kuandika: mgonjwa alisema hivi, mimi nikajibu hivi, akatazama dirisha, nikatazama saa. Kinasa sauti hakitumiki, kwa sababu hata alichosahau mwanafunzi kina habari zake. Kila kauli hupewa namba. Kisha karatasi husomwa mbele ya kikundi kidogo cha wenzake na mwalimu, mara nyingi wakigawana sauti, mmoja akiwa mgonjwa.

Hii hapa ni moja ya kutungwa, ila waliopita kwenye mafunzo haya wataitambua. Mgonjwa ni fundi cherehani wa miaka sitini na kitu, mwenye kisukari. Kesho anakatwa mguu wa kulia. Mwanafunzi ni mchungaji kijana.

M3: Cherehani yangu ni ya kukanyaga, mchungaji.
K3: Usijali, mzee wangu. Mungu anajua yote. Na siku hizi ziko za umeme.
M4: (Kimya kidogo.) Ni kweli.
K4: Basi na tuombe.

Ukiyasikia mazungumzo haya kwa kupita tu, hayana kasoro. Kijana ana adabu, amemtaja Mungu, tena ametoa ushauri wenye faida. Sasa kikundi kinaanza. Mwenzake mmoja anauliza: mzee alikuwa anakuambia nini pale kwenye namba tatu? Mwingine: hiyo "ni kweli" ya namba nne ni ya mtu aliyekubali au ya mtu aliyekata tamaa ya kusikilizwa? Halafu mwalimu, bila haraka: sala ile ilikuwa ya nani? Kijana anajitetea, anataja aya mbili za Biblia, ananyamaza. Baadaye sana, pengine wiki nyingine kabisa, anasema kwamba baba yake mzazi alifia katika wodi kama ile, na kwamba alipoliona shuka limeinuliwa juu ya fremu ili lisimguse mzee mguu, alitamani kutoka. Akatoka. Sala ilikuwa mlango wake wa dharura.

Hapo ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu. Kumwambia mtu "sikiliza vizuri" hakugharimu kitu, na semina za siku mbili husema hivyo kila siku. Karatasi humwonyesha mstari hasa alipoacha kusikiliza, kisha humdai sababu. Wala hakuna anayemwambia asiombe. Anafundishwa kubaki kwenye cherehani kwanza. "Umeikanyaga miaka mingapi, mzee?" ingetosha kumfungua. Huenda angehesabu sare za shule alizoshona, akamtaja binti aliyemsomesha kwa mguu ule, na ndipo lingekuja la kuombea, tena lingetoka kinywani mwake mwenyewe.

Ni kazi ndefu. Kwa utaratibu wa Marekani, yuniti moja ya mafunzo haya si chini ya saa 400, na anayetafuta cheti cha juu cha kasisi wa kitaalamu huhitaji yuniti nne, shahada ya uzamili, saa 2,000 za kazi, kisha kikao na jopo linalosoma karatasi zake na kumuuliza bila huruma. Si Wakristo peke yao tena. Wamo maimamu, marabi na Wabudha, na chuo cha Hartford huko Connecticut kimejijengea jina kwa kuwaandaa makasisi Waislamu. Kwetu, KCMC ya Moshi na hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret ni miongoni mwa mahali ambapo mafunzo haya yamepandwa. Yanaota katika udongo tofauti. Mgonjwa wa Boston anaweza kulala peke yake wiki nzima; wa Moshi ana shangazi watatu kandokando ya kitanda, chupa ya chai na jirani aliyekuja kwa zamu. Kasisi wa huku lazima ajue kumsikiliza mgonjwa katikati ya umati, na ajue lini amwombe shangazi kwa heshima atoke kidogo. Hilo halikuandikwa Worcester.

Silipendi kila jambo katika ufundi huu. Vikundi vingine vimewahi kugeuka kuwa mahali pa kumvua mtu nguo kisaikolojia na kumwacha hivyo. Na ile lugha ya ripoti, ya "tathmini ya kiroho" na "matokeo yaliyokusudiwa", hunichosha. Lakini mtazame kasisi aliyefundwa akiitwa saa tisa usiku. Anamuuliza sista jina la marehemu, na jina alilokuwa akiitwa nyumbani. Anatafuta viti. Mama anapiga kelele. Hamwambii anyamaze, anasogeza tu stuli ili asianguke. Ikiwa familia ni ya Kiislamu, anauliza kama sheikh wa mtaani apigiwe simu, na nani atahusika na kuosha, naye anakaa pembeni. Anamtambua kijana aliyesimama koridoni ambaye hakuna aliyempa pole. Anafuatana nao hadi mochwari, kisha anarudi kuandika mistari mitatu kwenye faili. Asubuhi ofisi ya takwimu itataka kujua amehudumia wagonjwa wangapi usiku ule. Ni mmoja, naye alikuwa ameshafariki. Wengine wote walikuwa jamaa, na jamaa hawana namba ya faili.